Mvumo wa moyo kwa mtoto anayesubiri kung'olewa meno: namna ya kumpima na kuamua

Mtoto wa miaka mitano hajala tangu usiku. Mama yake amepanda basi la alfajiri kutoka Karatu au Rombo, meno manne yameoza mpaka kwenye mzizi, meza ya oparesheni iko tayari. Mtaalamu wa usingizi anaweka stetoskopu kifuani na kati ya lab na dab anasikia fuu. Hapo hutokea moja ya mambo mawili, na yote mawili ni mabaya. Ama mtoto anarudishwa nyumbani "mpaka aonwe na daktari wa moyo", bila barua wala tarehe, na hasikiki tena mpaka shavu livimbe. Ama mtu anasema "watoto wengi wanayo hiyo" na nusu kaputi inaendelea.

Tatizo si fuu lenyewe. Tatizo ni kwamba kifua kimesikilizwa siku isiyo yake. Msikilize mtoto siku anapoandikiwa oparesheni, wiki moja au mbili kabla, ili kukiwa na la kufuatilia muda uwepo. Yafuatayo ni kwa daktari wa meno, afisa tabibu na muuguzi wa usingizi, ingawa mzazi makini naye atapata maswali ya kuuliza.

Mvumo si ugonjwa. Ni sauti ya damu inayopita kwa msukosuko. Nusu ya watoto au zaidi husikika na mvumo wakati fulani wa utoto wao, na wengi wana moyo mzima kabisa. Kwa hiyo usijiulize tu kama mvumo upo. Jiulize matatu: moyo huu unafanya kazi yake sawasawa? Kuna kasoro itakayobadilisha namna ya kumlaza usingizi? Na anahitaji antibayotiki kabla ya jino kung'olewa, ili vijidudu vya mdomo visishike moyoni? Mtu akiyachanganya maswali haya, utamkuta anampa amoksilini mtoto asiyeihitaji na kumlaza yule ambaye hakustahili kulazwa pale.

Anza na mama, siyo na stetoskopu

Maelezo ya mzazi yana uzito kuliko sikio la mtu asiyesikiliza mioyo ya watoto kila siku. Ila "Mtoto ana tatizo la moyo?" ni swali lisilozaa kitu, kwa sababu jibu litakuwa "hapana". Uliza mambo anayoyaona nyumbani:

"Mama, akicheza na wenzake anachoka kabla yao? Anakaa pembeni, au anachuchumaa ili apumzike?" Kuchuchumaa baada ya kukimbia ni dalili kubwa ya kasoro ya moyo inayofanya mtoto awe wa bluu.

"Alipokuwa ananyonya, alikuwa anaacha ziwa katikati ahemee? Kichwa kilikuwa kinatoka jasho?"

"Amewahi kuzimia, hasa akiwa anakimbia?" Kuzimia wakati wa mchezo si jambo la kupuuza hata kama kifua kinasikika safi.

"Vichomi vimemlaza hospitali mara ngapi?" "Amewahi kuvimba viungo vikahamahama, leo goti kesho kifundo?" Hii ya mwisho ni dalili ya homa ya baridi yabisi, ambayo huku kwetu bado inaharibu valvu (milango ya moyo) za watoto wa shule, hasa kati ya miaka 5 na 15. Uliza pia kama kuna sindano anayochomwa kila mwezi. Wazazi wengi wanaijua kama "sindano ya viungo" na hawaihusishi na moyo.

Ndani ya ukoo: kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana? Kuna selimundu?

Halafu swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: mtoto amewahi kutolewa "meno ya plastiki" (vijino vya mtoto mchanga vinavyong'olewa kienyeji) au kukatwa kimeo? Kwenye mikoa yetu bado yanafanyika, kwa chombo kisichochemshwa, na huacha damu pungufu na maambukizi. Uliza bila kukemea. Ukikemea mama atanyamaza, na utakosa mengine yote aliyokuwa tayari kukueleza.

Omba kadi ya kliniki. Mstari wa uzito uliolala kwa miezi mingi kwa mtoto mwenye mvumo unabadilisha hukumu nzima. Kweli, meno mabovu nayo hufanya mtoto asile vizuri, lakini hiyo isiwe sababu yako ya kwanza kuifikiria.

Tazama na ushike kabla ya kusikiliza

Mtoto akae mapajani kwa mama, shati limevuliwa. Mdomo uwe wa mwisho. Ukianza na kioo cha meno atalia, na mtoto anayelia hasikilizwi moyo.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, 40 na kuendelea ni haraka. Mapigo ya mtoto wa miaka 5 hadi 12 akiwa ametulia huwa kati ya 80 na 120 hivi, na mdogo zaidi huenda juu kidogo. Pima na joto, kwa sababu homa ya jipu la jino peke yake huongeza mwendo wa damu na kuzalisha mvumo. Ukiusikia kwa mtoto mwenye 38.5, msikilize tena homa ikishuka kabla hujaandika lolote la kudumu.

Rangi ya bluu itafute kwenye ulimi na upande wa ndani wa mdomo. Fizi za watoto wetu nyingi zina weusi wa asili na zitakudanganya. Kucha za mtoto mwenye baridi nazo zitakudanganya.

Kipimo cha oksijeni cha kidole ni lazima. Asubuhi ya Juni au Julai Arusha vidole huwa kama barafu, mashine inasoma 88, inaruka 97, inapotea. Pasha mkono joto, futa rangi ya kucha au hina, subiri mpaka wimbi kwenye kioo litulie na namba ya mapigo ilingane na unayohesabu mwenyewe, ndipo uandike. Pima mkono wa kulia, kisha mguu. Mtoto mzima anasoma 95 au zaidi, na mwinuko wa Arusha, kama mita 1,400, hautoshi kueleza 90. Tena mashine hizi kwenye ngozi nyeusi wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo 93 isikupe usingizi.

Shika mapigo ya mkono na ya kinena kwa wakati mmoja. Ya kinena yakiwa dhaifu au yakichelewa, mshipa mkuu umebana, na mvumo unaweza kusikika mgongoni tu au usisikike kabisa. Hatua hii inachukua sekunde kumi na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Pima na presha ya mkono wa kulia kwa kitambaa cha saizi ya mtoto. Cha mtu mzima kitakupa namba ya chini ya uongo.

Gusa tumbo. Ini linaloshuka zaidi ya sentimita 3 chini ya mbavu kwa mtoto anayehema haraka ni moyo unaoshindwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kisha laza kiganja kifuani. Ukihisi mtetemo kama wa paka anayekoroma, huo ni mvumo wa daraja la 4 au zaidi kati ya madaraja 6 ya ukubwa wa sauti, na hauitwi tena usio na madhara.

Kusikiliza

Zima redio ya mapokezi, funga dirisha la barabarani, pasha stetoskopu kwenye kiganja. Shika mapigo ya mkono huku unasikiliza: sauti inayokuja pamoja na pigo ni ya kwanza. Bila hilo hutajua mvumo uko wakati gani.

Pita sehemu hizi, kila moja kwa upande mpana kisha upande mdogo wa stetoskopu: ncha ya moyo karibu na chuchu ya kushoto, ukingo wa kushoto wa mfupa wa kifua sehemu ya chini, nafasi ya pili kati ya mbavu kushoto, kisha kulia, chini ya mitulinga yote miwili, kwapa la kushoto, na mgongoni katikati ya mabega. Kama husikii chochote kushoto, sikiliza kulia. Wapo watoto ambao moyo wao umekaa upande huo.

Sasa msikilize amelala, amekaa, amesimama. Mabadiliko kati ya mikao hii ndiyo yanayoamua mengi.

Mvumo wa kawaida wa utotoni, ambao hupatikana zaidi miaka 2 hadi 7, ni laini, mfupi, wa sauti nene kama uzi wa zeze uliogongwa kidogo, unasikika eneo dogo ukingoni mwa chini kushoto, na unapungua mtoto akisimama. Wa pili ni fuu laini nafasi ya pili kushoto. Wa tatu huvuma mfululizo chini ya mtulinga, mara nyingi wa kulia. Mgeuzie kichwa au mlaze, unapotea. Ukiona hivyo, umemaliza nao.

Mvumo unaoongezeka mtoto akisimama ni habari nyingine kabisa. Huo ni msuli wa moyo ulionenepa na kuziba njia ya damu hadi uthibitishwe vinginevyo, na mtoto huyo anaweza kufia mezani. Ndiyo maana kumsikiliza akiwa amelala peke yake ni kazi nusu.

Haya yakiwepo, hata moja tu, mtoto apelekwe kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kabla ya usingizi: mvumo unaokuja baada ya sauti ya pili, moyo unapolegea, mvumo unaojaza nafasi yote kati ya sauti ya kwanza na ya pili bila pengo, wa daraja la 3 na kuendelea, wenye mkwaruzo, unaokwenda kwapani, shingoni au mgongoni, mlio wa "tik" wa ziada, sauti ya pili iliyogawanyika ambayo mgawanyiko wake haubadiliki akivuta wala akitoa pumzi. Ongeza hapo mtoto aliye chini ya mwaka 1, mwenye sindromu ya Down, mwenye kasoro nyingine za kuzaliwa kama mdomo sungura, na yeyote mwenye dalili ulizoelezwa na mama.

Usipime hatari kwa ukubwa wa kelele. Tundu dogo kati ya vyumba vya chini vya moyo hupiga kelele kama bomba lililopasuka na mtoto anacheza mpira. Tundu kubwa huweza kuwa kimya huku mapafu yanaharibika.

Wekundu wa damu

Pima hemoglobini kwa kila mtoto mwenye mvumo. Upungufu wa damu wenyewe unaleta mvumo, na huku kwetu ni sababu ya kawaida kuliko tundu. Ikiwa chini ya 11, tafuta chanzo, tibu, kisha sikiliza upya. Ikiwa chini ya 7, hakuna oparesheni ya kupanga mpaka irekebishwe. Pima selimundu kama haijawahi kupimwa.

Kuna mitego miwili. Mtoto mwenye damu pungufu anaweza kuwa na oksijeni ya chini sana bila ulimi kuwa bluu, kwa kuwa hana damu ya kutosha kuonyesha rangi hiyo. Kinyume chake, mtoto wa bluu wa siku nyingi hujaza damu nzito hata kufikia 18. Huyo ukimkuta na 11, usimwandikie "kawaida". Kwake yeye hiyo ni pungufu.

Kipimo cha umeme wa moyo kama kipo, fanya. Picha ya kifua husaidia ukishuku moyo mkubwa. Lakini hakuna kati ya hivyo kinachochukua nafasi ya eko.

Kuamua

Mtoto mwenye zaidi ya mwaka 1, mchangamfu, anayekua, oksijeni 95 na zaidi, mapigo ya kinena mazuri, damu ya kutosha, mvumo laini unaopungua akisimama: endelea. Hana haja ya antibayotiki wala eko ya kumchelewesha. Andika ulichosikia ili mwenzako wa siku ya oparesheni asishtuke.

Mwenye alama yoyote ya hatari, na jino linaweza kusubiri: mpe rufaa. Mtoto wa Arusha au Moshi huelekezwa KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini. Akihitaji upasuaji wa moyo wenyewe, njia huenda mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Barua isiseme "ana mvumo, tafadhali mwone". Iandike hivi:

"Mvulana, miaka 5, kilo 16. Anahitaji kung'olewa meno 4 kwa nusu kaputi. Mvumo daraja la 3, unajaza nafasi yote kati ya sauti mbili, ukingo wa chini kushoto, haubadiliki akisimama. Oksijeni 97 mkono, 97 mguu. Mapigo ya kinena sawa. Ini halijashuka. Damu 11.2. Tunaomba eko na majibu ya mambo matatu: kuna kasoro gani, anaweza kulazwa usingizi hospitali yetu au kwenu, anahitaji antibayotiki au hapana. Tumempangia kurudi tarehe…"

Wakati anasubiri usimwache na maumivu. Parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, usafi wa kinywa, na jipu lililo wazi litolewe usaha kwa ganzi. Ibuprofeni iepuke kwa mtoto anayetumia dawa za moyo kama furosemaidi au kaptoprili.

Na kama shavu limevimba hadi jichoni, sakafu ya mdomo imeinuka, hawezi kumeza mate? Hapo hakuna kusubiri eko. Mpeleke hospitali yenye mtaalamu wa usingizi, mchukulie kama mwenye kasoro, na usaha utolewe siku hiyohiyo. Jipu la jino linaua mtoto haraka kuliko mivumo mingi.

Antibayotiki kabla ya jino

Watu wengi humpa kila mwenye mvumo. Si sahihi. Wanaohitaji ni wachache: mwenye valvu bandia au kifaa cha kurekebisha valvu, aliyewahi kupata maambukizi ya utando wa ndani wa moyo, mwenye kasoro ya bluu isiyorekebishwa, au iliyosaidiwa kwa njia ya muda tu, aliyezibwa tundu kwa kiraka au kifaa ndani ya miezi 6 iliyopita, au ambaye bado panavuja pembeni ya kiraka, na aliyepandikizwa moyo akabaki na kasoro ya valvu. Tundu dogo ambalo halijazibwa halimo.

Valvu iliyoharibiwa na baridi yabisi ndiyo inayogawanya wataalamu: mwongozo wa Marekani haumweki mtoto huyu kwenye orodha, wa Australia unamweka. Kwa mazingira yetu ni busara zaidi kuamua pamoja na daktari anayemfuatilia moyo kuliko kuamua peke yako kwenye kiti cha meno.

Dozi ni amoksilini miligramu 50 kwa kilo, isizidi gramu 2, mara moja tu, dakika 30 hadi 60 kabla. Mtoto wa kilo 16 anapata miligramu 800. Kwa chupa ya 250 kwa mililita 5 hiyo ni mililita 16, na kwa ile ya 125 ni mililita 32. Sasa fikiria mililita 32 za uji wa dawa tumboni mwa mtoto anayekwenda kulazwa. Kwa nusu kaputi tumia ampisilini miligramu 50 kwa kilo kwenye mshipa, akishawekewa laini. Mwenye mzio wa penisilini apewe azithromaisini miligramu 15 kwa kilo, isizidi 500. Hiyohiyo inamfaa anayechomwa benzathini penisilini kila mwezi (ile "sindano ya viungo"), kwa sababu vijidudu vya mdomo wake huenda vimeshazoea penisilini. Sindano yake ya mwezi si kinga ya siku ya jino. Dozi ikisahaulika, bado inaweza kutolewa ndani ya saa 2 baada ya kung'oa.

Inatolewa pale fizi au mzizi unapoguswa. Picha ya jino, ganzi kwenye fizi isiyo na usaha, au jino la utoto linalong'oka lenyewe, haihitaji.

Siku yenyewe

Chakula kisimamishwe saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Mtoto wa bluu awe wa kwanza kwenye orodha na anywe maji mpaka muda wake, kwa kuwa damu nzito ikikaukiwa inaganda. Kwake huyu, na kwa yeyote mwenye tundu, toa kila povu la hewa kwenye laini ya dripu. Gonga mrija kwa kidole, angalia kila kiungio. Povu linaloishia kwenye mapafu ya mtoto mwingine, kwake linaweza kupita tunduni na kufika kwenye ubongo.

Dawa za moyo muulize aliyeziandika: ipi inywewe asubuhi, ipi irukwe. Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, usiisimamishe kwa uamuzi wako.

Ganzi ya lidokeini asilimia 2 yenye adrenalini isizidi miligramu 4.4 kwa kilo. Kwa kilo 16 ni miligramu 70, yaani mililita 3.5, chini kidogo ya katriji mbili za mililita 1.8. Vuta sindano kwanza uone kama damu inarudi, kisha sukuma polepole. Kama mtoto amelazwa kwa halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta, mwambie mtaalamu wa usingizi kabla ya kuchoma: halotheni na adrenalini vikikutana moyo unaweza kukimbia ovyo.

Baada ya kuamka abaki na kipimo cha oksijeni mpaka awe macho kabisa na damu imekata. Mzazi wa mtoto mwenye kasoro aambiwe jambo moja kwa maneno mepesi: homa isiyoelezeka ndani ya wiki za mwanzo, arudi hospitali, wala asinunue antibayotiki dukani, kwa sababu damu inatakiwa ioteshwe maabara kabla ya dawa kuficha kijidudu. Apewe na mswaki laini na aonyeshwe kuutumia hapohapo, mara mbili kwa siku, kwani fizi zinazotoka damu kila siku humwaga vijidudu mwilini mara nyingi kuliko jino moja lililong'olewa.

Mwisho, chukua kadi ya mtoto uandike kwa kalamu isiyofutika: mvumo wa aina gani, eko imeonyesha nini na lini, antibayotiki ndiyo au hapana.